Wadogo Niliowaacha Bwawani

Lyamkena, Makambako
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Faraja,

Hujambo sikuulizi. Asubuhi tumekunywa chai meza moja, nimekuona ukimaliza viazi vitatu na kutafuta cha nne, kwa hiyo afya yako naijua. Saa hizi uko Njombe kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka akulishe tena na akusimulie upya safari yake ya kwenda kutibiwa Ikonda, kuanzia alipofunga mzigo. Hiyo inanipa saa kama tatu. Nimekaa kwenye kibanda cha chakula cha samaki, juu ya gunia la pumba, na daftari lako la kidato cha nne liko magotini. Kurasa za nyuma hukuziandika, usinune. Mlango nimeuacha wazi ili nikuone ukitokea barabarani.

Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako amepiga simu mara nne kutoka kwenye shamba lake la chai Lupembe, ameshakuhubiria begi, tiketi, maji ya kunywa na watu wanaojifanya ndugu zako kwenye basi. Akipiga mara ya tano mpokee tu, anaona uchungu na hajui namna nyingine ya kuusema.

Mimi nina jambo moja, na nimelizunguka tangu Jumapili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kesho saa tatu asubuhi, wewe ukiwa unakaribia Iringa, wamama wa kikundi watashuka hapa na ndoo zao kuchukua vifaranga wa samaki wa kupandikiza kwenye bwawa jipya walilochimba kule bondeni. Wanakuja kwangu kwa sababu yako. Ulisimama baada ya ibada, umevaa lile gauni la bluu, ukawaambia: "Mbegu ya mama haina tatizo. Kinachotuangusha huku ni baridi na malisho. Mkiwalisha vizuri watakua." Wakapiga makofi, mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikapiga makofi pia.

Faraja, mbegu yangu ni mbovu. Nimejua hivyo kwa miaka sita. Wewe hukujua, uliyasema yale kwa moyo mweupe, na mimi nilikaa kimya nikakuacha uniwekee dhamana mbele ya kanisa zima.

Haya, nimeandika. Nilidhani mkono ungekataa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana unakwenda chuo kusomea hayohayo na sitaki uje uyagundue darasani, mwalimu akichora ubaoni, wewe ukaona bwawa la mama yako limechorwa pale.

Bwawa la kwanza tulilichimba mimi na baba yako ulipokuwa darasa la tatu. Vifaranga wa mwanzo tuliwaleta kutoka mbali, huko chini kwenye joto, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, nami nimewapakata njiani kama mtoto mchanga. Walikuwa sato wazuri. Krismasi ya mwaka wa pili tulivua samaki wanaojaza sahani, mkia unaning'inia nje. Watu walipanda kutoka stendi kuja kuona kama ni kweli Makambako inatoa samaki ambaye hakupitia bandari ya Lupingu kule ziwani. Mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani pale sokoni alimgeuzageuza mmoja wangu, akamfungua mdomo, akaniuliza, "Huyu umemnunua wapi?" Nilicheka siku nzima. Ndiyo siku walipoanza kuniita Mama Samaki, na jina lile, mwanangu, lilinikaa kichwani kuliko pombe.

Basi kila sherehe ikaja kwangu. Kipaimara, harusi, Pasaka, kumpokea mchungaji mpya. Na kila aliyekuja alitaka wakubwa. Nilivuta wavu, nikachagua waliojaza mkono, wadogo nikawarudisha majini. Nilikuwa nawaambia watu kwa maringo kabisa, hawa wadogo nawaacha, ndio mbegu yangu.

Sasa twende jikoni. Unayajua yale mahindi yanayoning'inia juu ya moto, yamekuwa meusi kwa moshi hata wadudu hawayataki. Wiki hii nimeyashusha, mvua zikianza tunapanda. Bibi yako alinifundisha kuyachagua nikiwa mdogo kuliko wewe: unapita shambani kabla ya mavuno, hindi bado liko kwenye bua, unatafuta lililonyooka mistari na kujaa mpaka nchani, kwenye mmea ulio imara, na si pale ukingoni penye samadi ambapo hata mmea mvivu unanenepa. Unalifunga kwa maganda yake, unalitundika, na hapo limeshatoka kwenye hesabu ya chakula. Mwaka wa ukame tulikula viazi asubuhi mpaka jioni mpaka tukachukiana navyo, na yale mahindi yalikuwa yanatutazama juu pale. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ulipokuwa na miaka sita ulipanda juu ya kinu, ukachomoa moja, ukalichoma. Nilikuchapa kofi ambalo mpaka leo naliona aibu. Lakini nilikuchapa kwa sababu ulikuwa umekula shamba la mwaka unaofuata.

Mwanamke huyohuyo, kwa mkono uleule wa kofi, alishuka bondeni akauza samaki wake bora na kubakiza waliodumaa wawe wazazi. Na hakuna kitu kilichonigonga kichwani. Mahindi yalikuwa mbegu, samaki walikuwa kitoweo, nani anachagua mbegu ya kitoweo? Zunguka mabwawa yote ya bonde hili, utakuta wengi tunafanya vilevile, na kila mmoja ana mahindi yake ya mbegu juu ya moto.

Wewe utajifunza majina ya kitaalamu. Mimi nakwambia nilivyoona kwa macho. Samaki aliyerithi kukua haraka nilimtoa kabla hajazaa vya kutosha. Aliyerithi kudumaa alibaki, akazaa, na watoto wake wakafuata damu yake. Katika hao nao nikatoa waliojitahidi. Hivyo mwaka baada ya mwaka. Tena wote ni wa ukoo mmoja, waliotoka kwenye mifuko michache ya siku ile, wanaoana mtu na dada yake, shangazi na mpwa wake, humohumo. Sisi tunakaa vikao vitatu kuulizana koo kabla ya kupokea mahari, na bwawani sikuuliza. Wakaanza kuonekana wenye mkia uliopinda, wengine kifuniko cha shavu kimeliwa upande. Wakaanza kuzaa wakiwa na urefu wa kidole changu. Vichwa vikubwa, mwili hakuna.

Nikasema ni baridi. Huku kwetu baridi inabebeshwa kila kitu: mtoto akifeli, baridi, gari likigoma, baridi, bwana akichelewa kurudi, baridi. Ni kweli sato anapenda joto na hapa hakui kama kule chini. Lakini baridi ilikuwa ileile ya Krismasi ile ya sahani.

Ulipokuwa kidato cha kwanza, alikuja yule afisa uvuvi, binti mwembamba aliyekuwa anavaa majaketi mawili. Huenda unamkumbuka kwa ajili ya majaketi. Hakubishana nami. Aliomba tu kona ya bwawa, akafunga vizimba viwili vya neti bega kwa bega. Kimoja akatia vifaranga wangu, cha pili akatia wengine aliowaleta yeye, umri uleule, idadi ileile. Maji yaleyale, chakula kilekile nikiwapa mimi mwenyewe asubuhi na jioni kwa kikombe kimoja. Miezi minne baadaye tuliinua neti wewe ukiwa shuleni. Wake walikuwa kama kiganja. Wangu walikuwa kama dole gumba. Nilijaribu kusema kitu kuhusu kivuli, upande ule una kivuli. Upande ule haukuwa na kivuli.

"Mama," aliniambia, "si kosa la kulisha wala si baridi peke yake. Umeteua wadogo muda mrefu. Lete wazazi wapya, uanze upya, na waliochukua kwako uwaambie."

Nilimwomba asiseme. Nataka ujue hilo, Faraja, kwamba mama yako alimshika mkono mtoto wa watu na kumwomba afiche kazi yake. Nilimwambia nitawaambia mwenyewe. Akaniamini. Baada ya muda akahamishwa, na siri ikabaki na mimi na pumba.

Nilijaribu kurekebisha kimyakimya, ili nisilazimike kusema. Nikasema kama kosa ni kuacha wadogo, basi nitaacha wakubwa. Nilichagua wakubwa kabisa, nikawaweka bwawa la pili peke yao, nikawafunika na matumaini. Mwezi, miezi miwili, mitatu, hakuna kifaranga hata mmoja. Nikaomba Mungu. Nikabadilisha maji. Mwisho nikamkamata mmoja nikamgeuza tumbo, kisha mwingine, kisha wote. Madume matupu! Kwa sato dume ndiye anayekua haraka, na mimi nilikuwa nimefungua bweni la wavulana nikingojea watoto. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini, na mimi nilikuwa na hamu ya kumsimulia mtu kichekesho kile, lakini ningeanzia wapi bila kusema kwa nini nilikuwa nachagua wakubwa?

Hapo nikakata tamaa, na nikarudi kwenye mazoea. Hilo ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote. La kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Hili la pili lilikuwa jina. Kuleta mbegu mpya kulitaka niseme ya zamani ilikuwa mbovu, na Mama Samaki hakuwa tayari kuwa mama wa kawaida.

Sasa nakuja kwa Mama Tumaini. Umeniuliza mara ngapi kwa nini mama yako wa ubatizo, aliyekushika kwenye maji, haji kwetu? Nikawa nakwambia ana shughuli. Huyu ni mtu niliyeimba naye sauti ya pili tangu wote wawili hatujaolewa. Alichukua vifaranga kwangu mwaka mmoja kabla ya vile vizimba, wakati huo sikujua kitu. Alichimba bwawa lake kwa jembe, yeye mwenyewe, kwenye kinyungu chake, bustani yake ya kiangazi kule bondeni, mume wake akiwa amesimama kando anamwambia anapoteza ardhi nzuri. Alitaka tu kuwa na kitu chake. Baada ya mwaka mmoja na miezi, samaki wake bado ni vidole.

Akasimama kwenye mkutano wa kikundi. Hakunishambulia. Alisema kwa upole, "Mama Faraja, wale samaki wamenikatalia, nisaidie, nimekosea wapi?" Ilikuwa miezi mitatu tangu niinue zile neti. Nilikuwa najua jibu kama ninavyojua jina lako. Wote walinigeukia, nikamjibu, "Mwenzangu, samaki hawali maneno ya Mungu. Ungewapa pumba wangekua."

Watu walicheka sana. Unajua nikitaka kuchekesha nachekesha. Yeye akakaa, akafunga kitenge chake vizuri, na mkutano ukaendelea. Wiki iliyofuata mume wake akalifukia bwawa lile, akapanda viazi. Tangu siku hiyo mguu wake hakuuleta hapa, na mimi nilijiambia ni mtu wa kununa.

Naacha kidogo. Kuna mtu anapiga hodi kule kwenye uzio, na si sauti yako.

*

Nimerudi. Mwandiko umeharibika, utavumilia.

Ni yeye. Faraja, baada ya miaka sita, siku ya leo, saa ya leo, Mama Tumaini amekuja. Nilipomwona kwenye uzio nilifunika daftari kwa gunia kama mwizi. Amebeba ndoo mpya ya bluu yenye mfuniko, karatasi ya dukani bado imebandikwa.

"Kamwene, Mama Faraja."

"Kamwene, mwenzangu. Karibu."

"Mtoto yuko?"

"Yuko Njombe, kwa bibi yake."

"Basi utampa salamu. Nimeleta ndoo. Nataka ya kwanza kesho iwe hii yangu." Akaiweka chini, akatazama bwawa. "Kusema kweli nilikuwa nimeapa. Lakini mtoto niliyemshika mimi mwenyewe akisimama kanisani akasema mbegu ni nzuri, mimi ni nani nibishe? Nimerudi nyumbani nikawaza. Labda ni kweli sikuwalisha vizuri."

Labda ni kweli sikuwalisha. Miaka sita mwanamke yule amekuwa akijihesabia vikombe vya pumba usiku, akijitafutia kosa ambalo nilikuwa nimelikalia mimi. Nilikuwa nimepanga maneno, mwanangu, kwenye barua hii nilikuwa nayapanga vizuri, lakini hayakuja hata moja.

"Uliwalisha," nikasema.

"Eeh?"

"Uliwalisha, Mama Tumaini. Wasingekua hata ungewapa wali na nyama. Mbegu niliyokupa ilikuwa mbovu, na hawa uliowafuata leo ni wabovu zaidi."

Alianza kwa kucheka, akidhani namtania kama zamani. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

"Umejua lini?"

"Nilipokupa nilikuwa sijui. Siku ya mkutano nilikuwa najua."

"Siku ya samaki hawali maneno ya Mungu."

"Siku hiyo."

Aliipindua ndoo, akaikalia. Hakulia, na ningetamani alie, maana mtu akilia unajua la kufanya. Alikaa anatazama maji, upepo unavuta kitenge chake. Mimi nimesimama na makopo ya pumba mkononi, sijui niliyachukua ya nini. Baadaye akasema polepole, "Kila mwaka mume wangu akichimba viazi pale ananiita. 'Mama Samaki wa pili, njoo uvue!' Wanangu wanacheka. Na mimi nacheka nao, nitafanyaje."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akainua mkono.

"Usiniombe hapa kwenye pumba, hakuna anayesikia. Ulinisema mbele ya watu. Kesho saa tatu watu watakuwepo."

"Nitawaambia."

"Utawaambia kwa sauti ileile. Si ile ya kwenye maombi, ukainamisha kichwa ukasikika nusu. Mimi nitasimama nyuma kabisa. Nisiposikia nitasema rudia."

"Sawa."

"Na mtoto je? Ametoa neno lake kwa ajili yako."

Nikamwonyesha daftari. Nikamweleza mpango wangu: nitaikunja barua, nitaichomeka ndani kabisa ya begi lako, na kesho basi likipita Mafinga nikupigie nikwambie uitafute. Akauliza kwa nini Mafinga. Nikamwambia ulivyo: ukiisoma ukiwa hapa, utashusha begi, utasema huondoki mpaka mambo yaishe, utasimama mbele ya wale wamama uwaeleze na unitetee. Na chuo hakitakungoja.

"Namjua," akasema. "Lakini umemficha miaka sita, unaongeza na siku moja?" Akasimama, akajipangusa. "Ndoo naiacha. Kesho ukishasema tutawavua haohao tuwakaange, tumbo halijui ukoo." Hakuaga. Alipofika kwenye uzio aligeuka, nikadhani ataongeza kitu, kumbe anafunga mlango vizuri kwa sababu ya ng'ombe.

Hakunisamehe, Faraja. Nakuandikia ilivyokuwa, nisije nikaipamba. Hata wamama kesho sijui watanifanyaje. Wamechimba mwezi mzima, migongo inawauma, na ninakwenda kuwaambia bwawa lao lijae maji na likae tupu mpaka tupate wazazi wa kweli, ambao sijui tutawapata wapi. Wengine wana samaki wangu tayari. Wengine watakumbuka walivyocheka siku ile na watanichukia kwa kuwachekesha. Ninaogopa. Mama yako asiyeogopa nyoka anaogopa wanawake kumi na wawili wenye ndoo.

Jua limeshuka, nifupishe.

Huko unakokwenda watakufundisha kupima samaki wa umri mmoja, kuchagua majike na madume, kila ukoo uuandike usije ukachanganya ndugu. Shika hayo yote, mimi nilijifunza kwa kuharibu. Ila kuna jambo ambalo sidhani kama lina somo. Siku utakayochagua vibaya, na utachagua vibaya, utagundua ukiwa peke yako, umeshika neti mkononi, hakuna anayekuona. Siku hiyo mwite mtu. Mtu yeyote, mwalimu, mlinzi, mwenzako wa chumbani. Mwambie kabla neti haijakauka. Mimi niliiacha ikauke, na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana.

Na watu si samaki, hilo nalo ulikumbuke ukishazoea kupima na kutenga. Wewe mwenyewe ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo kama hindi lisilojaa, na kuna mtu kule hospitali alimwambia baba yako asijipe matumaini. Mama Tumaini ndiye aliyekufunga kifuani mwake zamu ya mchana ili mimi nilale. Hilo pia sikuwahi kukwambia, kwa sababu kila nikitaka kumsifu nilikuwa nakutana na lile jingine.

Nimebadili mpango. Barua haiendi kwenye begi. Nakupa leo, ukishakula, ukaisome hapahapa kibandani kabla giza halijaingia. Utakasirika na una haki. Unaweza kunyamaza mpaka kesho stendi, nitakubeba begi hata ukinyamaza. Unaweza kwenda kwa Mama Tumaini jioni hii, njia unaijua, na ukamwambia unachotaka wewe, si kwa niaba yangu. Lakini kubaki hapana. Ukisema unabaki, nitakupandisha kwenye basi kwa mkono huu wa kofi, saa kumi na mbili kamili ya asubuhi, hata dereva anishangae.

Nakuona sasa. Umetokea pale kwa muuza matofali, umebeba mfuko wa bibi, bila shaka viazi. Unatembea upesi kama mtu mwenye habari nzuri. Utapita karibu na ndoo ya bluu hapa mlangoni na utaniuliza ni ya nani, nami nitakujibu, na nikishakujibu hakuna kurudi nyuma.

Nakupenda, mwanangu. Ulipenda samaki kwa sababu yangu na ulinitetea bila kuombwa, na vyote viwili ni vizuri vyako, si vyangu. Nenda navyo.

Kesho saa tatu nitasimama pale ukingoni, wamama mbele yangu, Mama Tumaini nyuma kabisa akisikiliza. Safari hii hutakuwepo kunisemea.

Mama yako